Picha za majengo na bustani Dodoma: dalili, chanzo na dawa

Msanifu majengo mmoja wa hapa mjini aliwahi kunirudishia picha nilizozipiga kwa siku mbili nzima. Hakufoka. Alizipitia moja baada ya nyingine, akaniambia, "Kaka, hili silo jengo nililolichora." Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta lenzi ya kununua. Kumbe lenzi haikuwa na shida yoyote. Nilisimama karibu mno, saa isiyofaa, katika mwezi usiofaa.

Tangu siku hiyo, picha ikiharibika naifanyia kama fundi gari anavyosikiliza injini kabla ya kushika spana. Dalili kwanza, halafu chanzo, pesa mwisho. Hapa nimeandika dalili ninazokutana nazo zaidi Dodoma. Mji huu una jua lake, vumbi lake na udongo wake, na masomo mengi ya picha yaliyoko mtandaoni yametengenezwa na watu wanaoishi mbali sana na ikweta.

Jengo linaangukia nyuma

Kuta zimekaribiana juu, jengo kama linataka kulala chali. Chanzo ni kimoja tu: umeinua kamera iangalie juu. Kamera ikiwa wima sawasawa, kuta nazo hubaki wima. Ukiiinamisha hata kidogo, mistari inaanza kukutana.

Washa gridi na kipima usawa kwenye kamera au simu, halafu weka kamera wima hata kama paa litakatika. Paa likikatika, usiinue kamera. Rudi nyuma. Ukikosa nafasi ya kurudi, panda juu. Mtaa wa Uhindini, kwenye maduka ya zamani yenye baraza, barabara haikupi nafasi ya kurudi hata hatua kumi, lakini ghorofa ya kwanza ya nyumba ya ng'ambo inakupa kila kitu. Ingia dukani, salimia, eleza shida yako, omba dakika tano dirishani. Sijawahi kukataliwa na mtu niliyemsalimia vizuri.

Njia nyingine ni kugeuza kamera isimame kwa urefu, uache eneo kubwa la barabara chini, kisha ulikate baadaye. Iko pia lenzi maalumu inayopanda na kushuka huku kamera ikibaki wima. Ni ghali, na mwenye kazi nyingi za wasanifu itamlipa. Kurekebisha kwenye programu kunawezekana, ila programu hunyoosha sehemu ya juu na kula pembeni, kwa hiyo ukijua utarekebisha acha nafasi ya kutosha kushoto na kulia. Na usinyooshe hadi mwisho. Jengo refu likinyooshwa kabisa jicho huliona limevimba kichwani. Acha liegemee kidogo sana.

Kwa simu, dalili hii huja pamoja na nyingine: nguzo za pembeni zimevutika kama mpira. Hiyo ni lenzi pana ya simu, ile ya 0.5. Rudi kwenye 1 au 2, utembee.

Uso wa jengo ni giza na anga imeungua

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake nusu liko kwenye kamera na nusu liko kwenye kalenda.

Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 8 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, miezi yote ya kiangazi, jua la mchana hupitia upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi hupitia kusini. Ukuta unaotazama kusini, mwezi Juni, haupati jua toka asubuhi hadi jioni. Unaweza kurudi pale mara saba ukidhani umekosea saa, kumbe umekosea mwezi.

Jambo hili linatugusa sana wapiga picha wa majengo kwa sababu msanifu mzuri wa ukanda huu huelekeza kuta ndefu na madirisha mengi kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, linaingia dirishani moja kwa moja na kuchemsha vyumba, kwa hiyo upande wa mashariki na magharibi unaachiwa kuta fupi. Matokeo yake, sura nzuri ya jengo mara nyingi ndiyo ile yenye jua la msimu.

Chukua Msikiti wa Gaddafi, ambao wageni wengi huufuata wakifika mjini. Kibla kutoka Dodoma kiko karibu kaskazini kamili, kikiegemea mashariki kidogo tu. Ukuta wa kibla wa msikiti wowote hapa, basi, unaangazwa miezi ya kiangazi, na ukuta wa mkabala wake unapata jua lake Novemba hadi Februari. Ukishajua hivyo, hupotezi nauli.

Nikipewa kazi sasa hivi, kitu cha kwanza ninachofungua ni dira ya simu. Naandika: sura kuu inatazama wapi. Ukuta wa kaskazini naupiga Juni au Julai, saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa limekaa pembeni upande wa kaskazini mashariki. Mwanga unaparaza ukuta, kila tofali na kila ncha ya kizuia jua inatupa kivuli chake, na jengo linapata unene. Ukuta wa kusini naupangia Desemba au Januari.

Mteja hawezi kusubiri miezi sita? Basi piga baada ya jua kuzama, wakati anga lenyewe ndilo taa na pande zote nne zinapata mwanga unaokaribiana. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni kutegemea mwezi, na giza linaingia haraka. Una dakika kama ishirini, zisizidi. Fika mapema, funga stendi, mwombe mlinzi awashe taa zote za ndani kabla jua halijazama, kisha piga kila baada ya dakika mbili. Kati ya picha hizo kuna moja ambayo taa za ndani na anga vimelingana. Huwezi kujua ni ipi mpaka ukae utazame.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni mchana wenyewe. Jua letu linapanda karibu wima: saa moja baada ya kuchomoza limefika nyuzi 14 hivi, saa mbili baada ya kuchomoza linakaribia 30. Mwanga laini unaisha wakati watu wengi ndio kwanza wanakunywa chai. Na kumbuka jua la utosi Dodoma halifiki saa sita kamili. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na 36, kwa hiyo utosi unafika kwenye saa sita na nusu, kabla au baada kidogo. Ukilazimika kupiga mchana, funga stendi upige picha tatu za pembe ileile: moja ya kawaida, moja ya giza hatua mbili (-2 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera), moja ya mwanga hatua mbili (+2), uziunganishe kwa mkono. Ukiiachia simu iunganishe yenyewe kwa nguvu zake zote, utaona utepe mweupe umezunguka paa. Punguza.

Ukuta mweupe umekuwa wa pinki

Tazama chini ya ukuta, na chini ya dari ya baraza. Kama wekundu uko chini tu na unapungua kadiri unavyopanda, chanzo ni ardhi. Udongo mwekundu unapigwa na jua na kurudisha rangi yake ukutani. Mizani ya rangi ya kamera haiwezi kulitibu hilo, maana ukiondoa wekundu wa chini, sehemu ya juu inakuwa ya bluu. Rekebisha sehemu ya chini peke yake kwa brashi ya programu, tena kwa nusu. Mimi huacha kidogo. Jengo liko Dodoma, na mtu wa Dodoma akiona ule wekundu anajua hivyo.

Kama wekundu uko kila mahali, pamoja na anga, hilo ni vumbi hewani. Miezi ya Julai hadi Septemba upepo unavuma, na alasiri kisulisuli hupita kwenye viwanja vitupu. Njoo asubuhi.

Madoa meusi angani, yaleyale kwenye kila picha

Uchafu uko kwenye sensa, kioo kile cha ndani kinachopokea picha. Ulibadilisha lenzi nje. Madoa hayaonekani ukipiga kwa f/4, tundu la lenzi likiwa wazi, yanajitokeza ukifunga tundu hadi f/11 na f/16, na sisi wa majengo ndiko tunakokaa. Anga la Dodoma la kiangazi, bluu tupu bila wingu, linayaonyesha yote.

Kwa kupima, funga hadi f/16, vuruga fokasi kwa makusudi, piga anga. Ukiona doa juu kushoto kwenye picha, basi ukiitazama kamera kwa mbele chembe iko chini kushoto, kwa sababu lenzi hupindua picha. Shika kamera uso ukitazama chini, pulizia kwa kipulizio cha mpira mara tano sita. Usipulize kwa mdomo. Mate madogo sana yakigusa sensa, utalipa fundi.

Siku hizi nabadilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, feni imezimwa. Wa bodaboda, ingia dukani au nenda na lenzi moja. Ile ya kufunga f/16 nayo fikiria tena: kwa jengo zima lililo mita ishirini mbele yako, f/8 inatosha kabisa, na kufunga sana kunapunguza ukali wa picha nzima.

Picha haijakaza, na stendi ilikuwepo

Kuza picha hadi pikseli zenyewe, uangalie ukungu umekaaje, kwa sababu kila chanzo kina alama yake.

Mistari imejirudia mara mbili kuelekea upande mmoja: kamera imetikisika. Labda upepo, labda kidole chako. Weka taima ya sekunde mbili, tundika begi katikati ya stendi, na zima kitulizo cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono. Baadhi ya lenzi, zikiwa zimetulia kabisa, kitulizo chake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza chenyewe.

Karibu pamekaza, mbali hapajakaza: fokasi imeshika ua la mbele.

Pembe nne tu ndizo laini: ni lenzi, funga kutoka f/4 hadi f/8.

Kingo za jengo zimejipinda kama zinaonekana kupitia maji, na kila picha imejipinda kivyake: hilo ni joto. Hewa ya moto juu ya lami na mabati inapinda mwanga njiani. Nililijua vizuri nikiwa vilima vya Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikitaka kupiga mji kwa lenzi ndefu saa nane mchana. Picha mia moja na ishirini, hakuna hata moja yenye dirisha lililonyooka. Hakuna stendi wala programu inayotibu hewa ya moto. Nilirudi kesho yake alfajiri. Kutoka Chimwaga mji uko upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwako, hewa ingali baridi, na vumbi la jana limeshatua. Madirisha yalihesabika.

Michirizi ya giza kwenye picha za ndani

Taa zinapepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Zima shata ya kimyakimya (ile ya elektroniki), tumia kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Taa za bei rahisi zina tabia zake, shuka hadi 1/25 au chini zaidi ukiwa na stendi.

Mawimbi ya rangi juu ya bati la msauzi au vizuia jua vyembamba ni tatizo jingine: mistari ya jengo inagongana na mistari ya sensa. Sogea mbele au nyuma hatua mbili, yanaondoka.

Mlinzi amekuzuia

Dodoma ni makao makuu. Bunge, Ikulu ya Chamwino, wizara za Mji wa Serikali Mtumba, kambi na vituo vya ulinzi si mahali pa kutoa kamera kwanza na kueleza baadaye. Barua ya mteja yenye tarehe, jina lako na jengo linalopigwa inamaliza mazungumzo mengi getini. Ipeleke siku moja kabla. Droni ina vibali vyake, vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya upande wa ulinzi. Bila hivyo iache nyumbani. Na mlinzi akisema hapana, ni hapana. Anafanya kazi yake kama wewe unavyofanya yako.

Bustani ni nzuri, lakini msanifu mandhari anasema kazi yake haionekani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea bila kujua.

Dalili: picha zina maua, nyasi na pevingi safi. Mteja anazitazama bila kusema neno, kisha anauliza kama kuna nyingine. Chanzo: umepiga mapambo ukaacha ubunifu. Jengo linajionyesha lenyewe, lina kuta. Bustani imeundwa kwa vitu visivyosimama mbele ya kamera: kivuli, njia ya maji, mwinuko wa ardhi, mahali mtu anapogeuka na kuona kitu.

Nilifundishwa hili na mzee mmoja mtunza bustani, kwenye ua wa ofisi moja nje kidogo ya mji. Nilifika asubuhi, nikamkuta ameinama anasafisha mtaro mwembamba wa mawe.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja kupiga maua?"

Nikasema ndiyo. Akanyoosha jembe kuelekea paa. "Maji yanatoka kule, yanashuka kwa huu mnyororo, yanaingia hapa, yanakwenda kwa ule mgunga, yakizidi yanaishia kwenye ile miti midogo. Mvua ikinyesha mara moja, miti inakunywa wiki. Hayo maua tunayamwagilia kwa ndoo."

Nilichuchumaa. Mtaro ulikuwa na upana wa viganja viwili, mawe yake yamepangwa kwa kuacha nafasi, na ndani yake mchanga mwembamba ulikuwa umebaki na mikunjo ya maji ya mvua ya mwisho. Mkoa huu unapata mvua kati ya Desemba na Aprili, halafu kimya. Bustani ya Dodoma ni mpango wa maji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mimi nilikuwa nimelenga kamera kwenye maua ya ndoo.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, zunguka na mbunifu au na mtunza bustani, uulize: maji yanaingia wapi? Kivuli kinaangukia wapi saa nne, saa nane, saa kumi? Mtu anaingilia wapi? Piga hayo. Mtaro upige kutoka chini, lenzi ikifuata mstari wake hadi mtini.

Dalili nyingine ya bustani ni ule utupu: miti inaonekana kama vijiti vilivyochomekwa uwanjani. Mtumba iko hivyo sehemu nyingi kwa sasa, miti bado michanga. Usipige kutoka juu, kwa sababu ukiwa juu mti wa mita mbili unapotea kwenye udongo. Shuka magotini, weka mti mmoja karibu na lenzi, jengo nyuma yake. Mpishe mtu apite. Mtu anayetembea kwenye njia anaipa bustani kipimo, nami naona picha tupu ya bustani iliyotengenezwa kwa ajili ya watu ni picha iliyokosa kitu muhimu.

Vilima navyo usivikate. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, na mpango wa mji ukachorwa mwaka 1976 na kampuni ya Toronto, nia ilikuwa mji wa bustani unaokaa na mandhari yake. Ukisimama mahali ambapo njia au safu ya miti inaelekea kwenye mlima, tafuta kwanza kama imeelekezwa huko kwa makusudi. Ukiwa na lenzi pana, mlima unanywea na kuwa kichuguu. Rudi nyuma sana, tumia lenzi ya milimita 85 au zaidi, mlima utasimama ukubwa wake.

Rangi ya nyasi inasumbua wengi. Kuanzia Juni zimekauka, mteja anataka kijani. Usipake kijani kwenye programu, inaonekana, tena inamdanganya atakayetaka bustani kama ile. Panga kazi Februari au Machi. Ikibidi iwe kiangazi, fuata kinachochanua bila mvua: mijakaranda inatoa maua Oktoba hivi, na mikrismasi inafuata mwaka unapoelekea mwisho. Mbuyu usio na majani dhidi ya anga tupu una umbo ambalo masika hulificha.

Yule mzee aliniambia nirudi saa nne. Nilirudi. Kivuli cha mgunga kilikuwa kimetoka ukutani, kimevuka pevingi, kimefika kwenye benchi la saruji na kulifunika lote, kushoto hadi kulia, bila kubakiza hata kona. Karani mmoja alitoka ofisini na kikombe chake, akakaa pale bila kuangalia jua liko wapi. Hiyo ndiyo picha ambayo msanifu mandhari aliichukua akaitundika ofisini kwake.